Mbio za Sakafuni

Tatu na arobaini. Hiyo ndiyo namba.
Wanawake wa umri wangu wasiozidi hapo
hufunguliwa mlango wa zile mbio kubwa za ng'ambo.
Ukizidi kwa sekunde moja, mlango ni ukuta.
Mimi nina tatu na arobaini na sita, ya Nairobi, mwaka juzi,
na daftari, na kalamu ya kazini
iliyozoea namba za makontena ya Kilindini.

Nimepiga mstari katikati. Huku miji, huku dosari.

Nairobi tena? Hewa nyembamba kama uji wa hospitali,
na vilima vinavyokungoja na rungu
baada ya kilomita ya thelathini.
Eldoret ina wenyewe, waliozaliwa na mapafu ya huko.
Sinani wa kreni namba nne anasema,
"Tafuta zinazoteremka mwanzo mwisho,
ujiachie tu kama jiwe."
Nikamwambia mteremko ni mkopo,
hulipwa kwa mapaja, tena na riba,
na wenye mlango wao huupima;
ukizidi kiasi, muda wako hawaupokei.

Basi hapa nyumbani.
Kutoka Tudor hadi Kizingo najua kila shimo,
najua mbwa yupi hubweka na yupi huuma.
Lakini saa kumi na moja alfajiri,
muadhini hajakohoa bado kwenye kipaza sauti,
shati limeshaniganda mgongoni
na hewa naivuta kama naikamua.

Na mwaka jana, hapa hapa,
nilimaliza kwa tatu na thelathini na nane.
Nililala chali Mama Ngina, nikacheka peke yangu,
mtu akanimwagia maji akidhani nimezimia.
Wiki mbili baadaye ndipo tukaambiwa:
pale Makupa koni ilisogezwa kupisha lori,
askari akatugeuza mapema.
Mita mia sita.
Kilomita zetu ni kama kilo ya Kongowea,
inategemea nani ameshika mizani.
Nilizirudisha mita zangu kwa hesabu, usiku, kitandani:
tatu, arobaini na moja.

Mama anadarizi kofia, hainui macho.
"Hakuna akukimbizaye, wakimbiani?"
Kisha, kwa sauti ya kufunga mjadala:
"Mbio za sakafuni, Mbeyu, huishia ukingoni."

Sikumjibu. Ila mama, sakafu ndiyo niitafutayo!
Mji uliolala bapa, usio na hata tuta la kukwaza kuku,
njia iliyopimwa kwa baiskeli na mtu asiye na huruma,
asubuhi ya kugonganisha meno,
na migongo mingi ya mwendo wangu
ya kujifichia upepo.
Nimeuona mmoja, kaskazini ya mbali.
Jina lake linanishinda kutamka.
Dosari: mishahara mitatu, na viza isiyo na ahadi,
na baridi ambayo mwili huu haujawahi kuonja.

Sinani akanifungulia kontena la parachichi,
nyuzi sita, mlango nusu.
Nilisimama kati ya maboksi na kaptura yangu,
mikono kwapani, nikihesabu hadi mia mbili.
Pumzi ilinitoka nikaiona.
Sikuwa nimewahi kuiona pumzi yangu.
Moyo ulipiga taratibu, kama wa mtu aliyekaa,
na hapo nikajua.

Jioni nikauandika ule mji, herufi kwa herufi,
kama ninavyoandika mzigo unaoondoka,
nikamweleza mama.
Akauliza ukingoni kwake kuna nini.
"Saa," nikasema. "Kubwa, nyekundu, inahesabu."
Akanyamaza mishono kama kumi.
Kisha akaniita karibu,
akauzungusha uzi kichwani pangu, akapima, akakata.
"Kofia ni za wanaume, mama."
"Baridi haijui," akasema,
akatunga sindano.